Nani Huuvusha Wimbo?

Mhadhara kuhusu vibao vinavyopendwa katika nchi na lugha za wengine

 

Kuna swali ambalo vijana wanaorekodi muziki hawachoki kuuliza: nikitaka kusikika nje ya nchi, niimbe Kiingereza? Swali hili lina haki yake. Kijana anatazama chati za dunia, anaona Kiingereza kimejaa kuanzia juu hadi chini, kisha anayatazama mashairi yake ya Kiswahili na kudhani yameshahukumiwa kubaki nyumbani.

Jibu langu nalitoa mapema ili mnipime nalo. Lugha ni kikwazo kidogo kuliko tunavyodhani. Vikwazo vikubwa ni viwili: njia inayoufikisha wimbo kwa msikilizaji wa mbali, na hati inayosema wimbo huo ni mali ya nani. Wimbo wenye njia huvuka hata kama huko uendako hakuna anayejua maana ya neno lake moja. Na wimbo usio na hati huvuka vilevile, ila mwenyewe anaachwa nyuma.

1. Tuanze nyumbani

Ushahidi wa kwanza ni sisi wenyewe. Kwa miongo mingi wakazi wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Bujumbura wamecheza, wamebembelezana na wamefunga harusi kwa nyimbo za Kilingala. Mwaka 1985 Franco Luambo Makiadi na TPOK Jazz walitoa "Mario", kisa cha kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri. Kibao hicho kilipigwa Afrika Mashariki nzima, ilhali wengi waliokicheza hawakujua Kilingala hata cha kuombea maji. Walijua kitu kingine. Walijua ni wapi sauti za waimbaji zinapungua, gitaa la solo linashika usukani, sebene linaanza na hakuna anayebaki kitini. Kwao maana ya wimbo ilikaa katika mpangilio huo.

Wakongo nao walijifunza kwa namna hiyohiyo. Mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilianza kuuza barani Afrika santuri zenye alama ya GV, nyingi zikiwa na muziki wa Kuba. Ya kwanza katika mfululizo huo ilikuwa "El Manisero", wimbo wa muuza karanga, uliorekodiwa na okestra ya Don Azpiazú wa Havana mwaka 1930. Maneno yake yalikuwa ya Kihispania. Vijana wa Léopoldville na Brazzaville hawakuyaelewa, lakini mdundo waliutambua, kwa sababu sehemu ya mizizi yake ilitoka Afrika ya Kati, ikapelekwa ng'ambo na watu waliouzwa utumwani. Wakauiga, wakautilia magitaa yao na lugha zao, ikazaliwa rumba ya Kongo, ambayo mwaka 2021 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Basi mchezaji wa Kariakoo au River Road aliyekuwa akitokwa jasho kwa Kilingala alikuwa akicheza kitu kilichotoka Havana kwa Kihispania. Lugha zilipishana njiani, na hakuna iliyomzuia.

Tazama pia Zanzibar. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri zake, kwa kuwa mitambo haikuwa kwetu. Na taarabu ya pwani kwa muda mrefu imeazima mahadhi kutoka Misri na, baadaye, kutoka filamu za Kihindi, ikayatungia mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani yake. Mwimbaji wa Mombasa alipochukua wimbo wa filamu ya Kihindi na kuutungia fumbo la mapenzi la Kiswahili, hakuwa akitafsiri. Alichukua mahadhi, akayapa shughuli mpya.

Hizo ndizo njia mbili kuu zinazotumika duniani kote: wimbo kupokewa na lugha yake, au mahadhi kupewa lugha mpya. Siku hizi ipo na ya tatu, ya kualikana. Nitazichukua moja moja.

2. Wimbo uliovuka na lugha yake

Mwaka 1961 kijana wa Kijapani, Kyu Sakamoto, aliimba wimbo uitwao "Ue o Muite Arukō". Muziki ulitungwa na Hachidai Nakamura, maneno na Rokusuke Ei. Ei aliyaandika akiwa amevunjika moyo baada ya maandamano ya kupinga mkataba wa usalama kati ya Japani na Marekani kushindwa, lakini katika wimbo hakuutaja mkataba wala maandamano. Msikilizaji anamsikia mtu mpweke anayejizuia kulia njiani. Kila mwenye huzuni angeweza kudhani ametungiwa yeye.

Sasa fuateni safari yake. Louis Benjamin, kiongozi wa kampuni ya santuri ya Pye ya Uingereza, aliusikia alipokuwa Japani. Aliporudi London akampa Kenny Ball na bendi yake ya jazi waupige kwa ala tupu. Jina lake likaonekana gumu kwa Waingereza, basi wakaubandika jina "Sukiyaki", ambalo ni la chakula cha nyama kisichohusiana na wimbo kwa lolote. Mwanzoni mwa mwaka 1963 ukaingia kumi bora za Uingereza. Kisha mtangazaji wa redio katika mji mdogo wa Pasco, jimbo la Washington nchini Marekani, akaanza kupiga rekodi yenyewe ya Sakamoto, kwa Kijapani. Wasikilizaji wakaitaka tena na tena. Kampuni ya Capitol ikaitoa nchini humo, na mwezi Juni 1963 ikakaa wiki tatu kileleni mwa chati ya Billboard. Ilikuwa miaka 18 tu tangu Marekani na Japani wamalize kupigana vita.

Hesabuni waliohusika: kiongozi wa kampuni mwenye sikio, bendi iliyokubali kujaribu, mtangazaji wa mji mdogo, na kampuni yenye viwanda vya kuchapa santuri na malori ya kuzisambaza. Mwondoe mmoja wao, na wimbo ungeweza kubaki kibao cha Japani. Uzuri wake haukuongezeka kati ya mwaka 1961 na 1963. Kilichoongezeka ni njia.

Lakini njia haitoshi ikiwa wimbo hauna mahali pa kumpokea mgeni. "Sukiyaki" unapo. Kuna sehemu Sakamoto anaacha maneno na kupiga mluzi, na hapo mtu wa Pasco na mtu wa Tokyo wanakuwa sawa. Mahadhi yake hayana kona ngumu. Na Kijapani, kama Kiswahili, kina silabi nyingi zinazoishia kwa irabu, hivyo mdomo wa mgeni hauhangaiki sana kuzifuata. Watunzi wetu wana neema hiyo bila kuiomba. Anayeikimbia lugha yenye irabu wazi namna hii ili akabanane na konsonanti za Kiingereza asichokimudu, anauza ng'ombe kununua kamba.

Hoteli pia ni njia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi ya Them Mushrooms ilikuwa ikitumbuiza watalii katika hoteli za pwani ya Kenya. Kiongozi wake, Teddy Kalanda Harrison, akatunga "Jambo Bwana", wimbo wa maamkizi mepesi ambayo mgeni huyasikia tangu anaposhuka kwenye ndege. Mtalii aliujua kabla ya likizo kwisha, na aliporudi Ulaya aliubeba kichwani au ndani ya kaseti. Mwaka 1983 kundi la Boney M. lenye makao yake Ujerumani lilirekodi wimbo uliotokana na huo. Wapo waliouona "Jambo Bwana" mwepesi mno. Mimi nauona kuwa ni kazi ya fundi aliyemjua msikilizaji wake: mtu mwenye maneno machache ya Kiswahili, aliye tayari kuyatumia yote kwa pamoja.

Njia ya siku hizi ni simu. Mwishoni mwa mwaka 2019 Master KG wa Afrika Kusini na mwimbaji Nomcebo Zikode walitoa "Jerusalema", wimbo wa dua kwa Kizulu juu ya mdundo wa dansi. Ungeweza kubaki kibao cha Afrika Kusini. Mwezi Februari 2020 kundi la wachezaji wa Angola, Fenómenos do Semba, likajirekodi likiucheza uani huku sahani za chakula zikiwa mkononi, hatua zile zile zikirudiwa kwa mpangilio ambao hata asiyejua kucheza anaweza kuuiga. Kisha korona ikafunga dunia. Wauguzi, polisi, watawa, wafanyakazi wa viwanja vya ndege, katika nchi nyingi, wakapanga mistari na kucheza. Septemba mwaka huo Rais Cyril Ramaphosa aliwahimiza wananchi wake waucheze Siku ya Urithi.

Muuguzi wa Ujerumani hakujua Kizulu. Alijua hatua. Mtangazaji wa Pasco na wachezaji wa Luanda walifanya kazi moja: walimpa mgeni mlango wa kuingilia. Mwaka 2012 Psy wa Korea Kusini alifanya hivyo mwenyewe, akatoa "Gangnam Style" pamoja na mchezo wake wa kupanda farasi, na kabla mwaka haujaisha video yake ikawa ya kwanza kutazamwa mara bilioni moja kwenye YouTube. Karibu wimbo wote ni wa Kikorea.

3. Mahadhi yaliyopewa lugha mpya

Njia ya pili ni ya kuyaacha maneno nyuma. Mfano ulio wazi kuliko yote ni "Comme d'habitude", ulioimbwa na Claude François wa Ufaransa mwaka 1967. Aliutunga pamoja na Jacques Revaux, na Gilles Thibaut akashiriki kuandika maneno. Unawaeleza mume na mke, au wapenzi, ambao mapenzi yao yamepoa; wanaamka, wanaenda kazini, wanarudi, wanajifanya, na kesho tena. Ni wimbo wa uchovu wa nyumba.

Paul Anka, mwimbaji wa Kanada, aliusikia alipokuwa Ufaransa. Akapata haki za kuutumia, akayaweka kando maneno yote, akaandika mengine kwa Kiingereza kwa ajili ya Frank Sinatra. Mwaka 1969 ukatoka kwa jina "My Way". Hapo hakuna tena mume wala mke. Yupo mzee anayeyatazama maisha yake na kujipongeza kwamba aliishi alivyotaka. Mahadhi ni yaleyale: yanaanza chini kama mtu anayezungumza, yanapanda ngazi kwa ngazi, yanamalizikia juu. Kwa Kifaransa kupanda huko ni kukata tamaa kunakolundikana siku baada ya siku. Kwa Kiingereza kukawa majivuno. Leo huimbwa kwenye mazishi na kwenye sherehe za kustaafu katika nchi ambazo wengi hawajapata kusikia jina la Claude François.

Tujifunze mambo mawili hapo. La kwanza ni la ufundi. Anayeutia wimbo lugha mpya asijifunge kwenye maana ya neno kwa neno. Ajiulize mahadhi yanambeba msikilizaji kwenda wapi, kisha atafute jambo la watu wake linalokwenda huko. Watunzi wa taarabu walilijua hili zamani. La pili ni la biashara. Anka hakuchukua tu. Alipata haki kwanza, na majina ya watunzi wa Kifaransa yakabaki kwenye hati. Kila rekodi ya Sinatra ilipopigwa, Paris ilipata sehemu yake. Jambo hilo nitalirudia kwa kirefu.

Wenye Kiingereza chao nao hubadili lugha soko linapowalazimu. Januari 1964 The Beatles, wakiwa studio ya Paris, walirekodi vibao vyao viwili kwa Kijerumani kwa ajili ya wanunuzi wa Ujerumani. ABBA walitoa albamu nzima ya Kihispania mwaka 1980. Wakubwa hao hawakuona aibu kujifunza silabi za watu wengine.

4. Kualikana

Njia ya tatu ni ile vijana wetu wanaiita kolabo. Wimbo unabaki na kiitikio chake, lakini mgeni mwenye jina katika nchi nyingine anakaribishwa aimbe ubeti.

"Macarena" ya Los del Río, wazee wawili kutoka Dos Hermanas karibu na Seville, ilitoka mwaka 1993 kwa Kihispania. Vijana wa Miami waliojiita Bayside Boys wakaitengeneza upya wakiongeza beti za Kiingereza, na mwaka 1996 ikakaa wiki 14 kileleni Marekani. Mwaka 2017 Luis Fonsi na Daddy Yankee wa Puerto Rico walitoa "Despacito". Ulikuwa tayari umezitikisa nchi za Kihispania Justin Bieber aliposikia watu wakiuchangamkia katika klabu nchini Kolombia, akataka kuingia. Rimiksi aliyoimba nao ikakaa wiki 16 kileleni Marekani.

Mtu ataniambia: basi Kiingereza ndicho kilichofungua mlango. Sikilizeni tena kwa makini. Katika nyimbo zote mbili kiitikio, ambacho ndicho watu wanakiimba, kilibaki Kihispania. Bieber mwenyewe alikiimba kwa Kihispania. Alicholeta ni jina lake na mtandao wa redio zilizozoea kupiga nyimbo zake. Wasikilizaji wake walimfuata yeye hadi kwenye Kihispania.

Kwetu njia hii imepitiwa pia. Diamond Platnumz alipomwalika Davido wa Nigeria katika rimiksi ya "Number One", wimbo wa mwaka 2013, sauti ya Bongo Flava iliingia masikioni mwa watu wa Lagos ambao hawakuwa wakiitafuta. Mwaka 2019 yeye ndiye aliyealikwa: Innoss'B, mzaliwa wa Goma, alimwita katika rimiksi ya "Yope", Kilingala na Kiswahili vikakaa meza moja, na video ikatazamwa zaidi ya mara milioni 100. Goma ni mji wa Kiswahili. Soko tunalolitafuta ng'ambo ya bahari, sehemu yake iko ng'ambo ya Ziwa Kivu.

5. Mali bila daftari

Sasa nafika kwenye sehemu chungu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna mali inayolithibitisha neno hilo kama wimbo.

Kwanza tuelewane. Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani mahadhi na maneno. Ya pili ni rekodi, yaani sauti iliyonaswa studio siku fulani. Mtu wa Brazil akiuimba wimbo wako upya kwa Kireno, rekodi yako haikutumika, lakini utunzi wako umetumika, na mrabaha ni wa mtunzi. Kwa hiyo wimbo unaovuka lugha hulipa zaidi upande wa utunzi. Na upande huo ndio tunaouandika vibaya kuliko wote.

Mwaka 1939, katika studio ya kampuni ya Gallo mjini Johannesburg, Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi "Mbube" kwa Kizulu. Linda alizitoa haki zake kwa kampuni kwa shilingi 10. Santuri ikafika Marekani mikononi mwa Alan Lomax, mkusanyaji wa muziki wa jadi, naye akampa Pete Seeger. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kundi la Seeger, The Weavers, likautoa kwa jina "Wimoweh", na mahali pa mtunzi pakaandikwa Paul Campbell, jina la mtu ambaye hakuwapo. Mwaka 1961 The Tokens wakauimba kwa maneno mapya ya Kiingereza, "The Lion Sleeps Tonight", ukashika namba moja. Mwaka uliofuata Linda akafariki dunia maskini. Mwaka 1994 ukaingia katika filamu ya Disney, The Lion King.

Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan wa Afrika Kusini akakichapisha kisa hicho chote katika jarida la Rolling Stone. Wanasheria wakaifukua Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia katika makoloni. Humo mlikuwa na kifungu kwamba haki alizouza mtunzi hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Linda alikufa mwaka 1962. Basi tangu mwaka 1987 haki zilikuwa za warithi wake, na hawakuambiwa na mtu. Kesi ikafunguliwa, na mwaka 2006 pande hizo zikapatana familia ilipwe. Miaka 67 ilikuwa imepita tangu siku ya studio. Utamu wa "Mbube" haukuwahi kutiliwa shaka na yeyote. Kilichokosekana ni karatasi.

Msidhani ni Afrika pekee. Mwaka 1989 Ulaya nzima ilicheza "Lambada" ya kundi la Kaoma, kwa Kireno, ikisukumwa na televisheni ya TF1 na matangazo ya kinywaji cha Orangina. Kwenye hati mtunzi aliitwa Chico de Oliveira, jina la bandia. Mahadhi yalikuwa ya "Llorando se fue", wimbo wa Kihispania wa Los Kjarkas wa Bolivia wa mwaka 1981. Ndugu Ulises na Gonzalo Hermosa wakadai, na wakatambuliwa kuwa ndio watunzi.

Linganisheni na Manu Dibango. "Soul Makossa" ilikuwa upande wa pili wa santuri iliyotolewa mwaka 1972 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Kameruni. David Mancuso, mpiga santuri wa New York, akaiokota katika duka moja la Brooklyn, ikaenea, na mwaka 1973 ikaingia chati ya Marekani. Kipande chake kikajitokeza katika wimbo wa Michael Jackson kwenye albamu ya Thriller, mwaka 1982. Dibango akadai, wakamalizana nje ya mahakama. Tofauti kati yake na Linda si ukubwa wa kipaji. Jina la Dibango lilikuwa limeandikwa kwenye santuri kama mtunzi, na yeye alikuwa hai, Paris, mwenye wakili.

Na sisi tunayo "Malaika". Miriam Makeba, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kuzaliwa, aliuimba na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, iliyopata tuzo ya Grammy. Boney M. wakaurekodi mwaka 1981, Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991. Ni wimbo wa kijana anayeshindwa kuoa kwa kukosa fedha, na umeimbwa na watu wasiojua mahari ni nini. Fadhili William ndiye aliyeurekodi na kutambulika nao. Wengine wanamtaja Adam Salim kuwa mtunzi, na majina mengine pia yametajwa. Sitawaamulia jioni hii. Nasema tu kwamba wimbo wa Kiswahili uliosafiri kuliko karibu zote ndio huohuo unaogombaniwa utunzi wake, na ugomvi huo ungemalizwa na karatasi moja yenye tarehe na sahihi.

Hati ikiwapo, nguvu yake huonekana mara moja. Mwaka 2021 kampuni ya Warner ilizidai taasisi za Ujerumani malipo kwa kutumia "Jerusalema" katika video zao za kujitangaza, na wizara ya mambo ya ndani ya jimbo la North Rhine-Westphalia ililipa. Wajerumani wengine walinung'unika kwamba walikuwa wakifurahi tu. Lakini furaha yao ilikuwa na mwenye mali, na mwenye mali alijulikana.

6. Pingamizi na jibu

Najua pingamizi mlilonalo. ABBA walikuwa Waswidi, na mwaka 1974 walishinda Eurovision mjini Brighton kwa "Waterloo" ya Kiingereza. Je, wangefika kwa Kiswidi? Huenda wasingefika mbali hivyo. Sidai kwamba Kiingereza hakisaidii. Nadai kwamba kinasaidia pale mambo mawili mengine yapo. ABBA walikuwa na jukwaa lililotazamwa na Ulaya nzima kwa usiku mmoja, na meneja wao, Stig Anderson, alikuwa mchapishaji wa muziki aliyejua kila hati inavyosainiwa. Mchukulieni kijana wa Tandale au Kisauni, mpeni Kiingereza kitupu bila jukwaa wala mchapishaji. Atakuwa mmoja katika umati mkubwa kuliko wote duniani, akishindana na wenye lugha yao.

7. Wito

Kwa hiyo, wanamuziki wangu, fanyeni haya. Imbeni kwa lugha mnayoweza kutania, kulalamika na kubembeleza ndani yake. Mpeni mgeni mlango: kiitikio kifupi, hatua za kucheza, mluzi, chochote atakachokishika bila mkalimani. Kabla prodyuza hajazima mashine, andikeni kwenye karatasi nani alitunga mahadhi, nani maneno, nani biti, na kila mmoja ana asilimia ngapi, kisha wote mtie sahihi. Sajilini kazi katika chombo cha hakimiliki cha nchi yenu. Tanzania na Kenya zimo katika Mkataba wa Berne, kwa hiyo haki ya mtunzi wetu inatambuliwa katika nchi nyingine wanachama. Akija mtu wa ng'ambo kutaka kuutia wimbo wako lugha yake, mkubalie kwa moyo mkunjufu na kwa mkataba ulioandikwa.

Kwenu watangazaji: mtu mmoja wa Pasco aliipigia Marekani wimbo wa Kijapani. Mnaweza kuwapigia wasikilizaji wenu wimbo wa Goma, wa Bujumbura, wa Moroni, bila kungoja uanze kupendwa Ulaya. Kwenu wanasheria: wekeni saa chache za wiki kwa ajili ya wasanii wasio na uwezo, kwa kuwa mkataba husomwa kabla ya kusainiwa, na wengi wao huusoma baada ya wimbo kufika mbali.

Kiswahili hakijamzuia yeyote kuvuka mpaka. Waliobaki nyuma walibaki kwa kukosa mtu wa kuwapigia na karatasi ya kuwatetea, na vyote viwili vimo ndani ya uwezo wetu.